Mibetula Juu ya Mboji: Misitu Iliyoletwa na Mitaro ya Ufini

Karibu theluthi moja ya ardhi ya Ufini ilikuwa vinamasi. Kwa maelfu ya miaka, mimea iliyokufa humo ilikosa hewa ya kuiozesha kwa sababu ya maji yaliyotuama, ikarundikana na kuwa matabaka ya mboji. Wakulima walivilaumu vinamasi kwa jalidi iliyoua mazao yao. Wataalamu wa misitu waliona ardhi inayongoja kukaushwa.

Mwanzoni mwa karne ya 20, A. K. Cajander, mwanasayansi wa misitu aliyekuja kuwa waziri mkuu, aliviainisha vinamasi kwa mimea yake. Uainishaji huo uliwasaidia wataalamu kukadiria ni kipi kikikaushwa kitastawisha miti. Mwaka 1928 sheria ilitenga fedha za serikali kwa kazi hiyo. Baada ya vita na Umoja wa Kisovyeti, Ufini ilipoteza takriban sehemu moja ya kumi ya eneo lake, huku viwanda vya karatasi vikihitaji magogo. Majembe yakaipisha mitambo, na uchimbaji wa mitaro ya kukaushia ukafikia kilele kuelekea 1970. Hatimaye takriban hekta milioni 5, karibu nusu ya vinamasi vyote, zilikatwa mitaro.

Wachimbaji walitarajia hasa misonobari, lakini mbetula ulijiotea wenyewe. Ni mti wa nchi za baridi wenye gome jeupe, na aina yake yenye vinyweleo laini kwenye matawi huvumilia udongo wenye maji. Mbegu zake nyepesi hupeperushwa na upepo, huota upesi kwenye mboji tupu kandokando ya mtaro, na mti ukikatwa kisiki huchipua tena. Kwa miaka mingi wenye misitu waliuhesabu kuwa gugu: waliufyeka, hata kuunyunyizia dawa. Baadaye viwanda vya karatasi viliutafuta kwa nyuzi zake fupi, na miti myembamba ikawa kuni za mitambo ya nishati.

Ukuaji huo wa miti una gharama yake. Maji yanaposhuka, hewa huingia ardhini, vijidudu huozesha mboji na kuachia nitrojeni inayolisha mizizi. Takriban nusu ya uzito mkavu wa mti ni kaboni iliyotoka angani. Lakini uozo uleule unaoulisha mti hurudisha hewa ukaa angani. Tena, mbetula hustawi zaidi kwenye mboji yenye rutuba, na hiyo ndiyo huoza haraka zaidi ikikaushwa. Msitu huvunwa baada ya miongo michache. Mboji huongezeka kwa takriban milimita moja tu kwa mwaka.

Leo Ufini haikaushi tena vinamasi vipya kwa ajili ya misitu. Mjadala umehamia kwenye vile vya zamani: mitaro izibwe, au miti ivunwe kidogokidogo ili iliyobaki iendelee kufyonza maji bila mitaro kuchimbuliwa upya? Vyovyote itakavyoamuliwa, atakayepima vigogo peke yake atahesabu mapato na kuacha matumizi.