Hoja zenye chaguo-msingi

Hoja yenye chaguo-msingi ni ile ambayo kitendakazi huipa thamani iliyoandaliwa mapema iwapo anayekiita hakuitaja. Katika Python, tamko def lipa(kiasi, sarafu="TZS") humruhusu mpanga programu kuandika lipa(5000) na kupata shilingi za Tanzania, au lipa(5000, "KES") kupata za Kenya. Hoja za lazima hutangulia katika tamko, zile za hiari zikafuata. C++ nayo hudai mpangilio huo.

Lugha hutofautiana kuhusu wakati wa kukokotoa thamani hiyo. Python huikokotoa mara moja tu, tamko linapotekelezwa. Kwa hiyo def ongeza(kitu, orodha=[]) huzaa hitilafu inayofahamika sana: orodha ni ileile kila mara, hivyo ongeza("chai") ikifuatwa na ongeza("sukari") huacha vitu vyote viwili ndani yake. Dawa yake ni kuweka None kama chaguo-msingi, kisha kuunda orodha mpya ndani ya kitendakazi. JavaScript, iliyopata uwezo huu katika toleo la ES2015, hukokotoa upya kila kitendakazi kinapoitwa bila hoja hiyo. Hata hivyo, chaguo-msingi hutumika pale tu thamani inapokuwa undefined. Null hupokelewa kama ilivyo.

Java haina chaguo-msingi za hoja. Badala yake huandikwa matoleo kadhaa ya kitendakazi chenye jina moja, lile fupi likiliita refu na kulipa thamani zilizokosekana.