Kansa: namna gani picha zinaonyesha kama dawa inafanya kazi

Mgonjwa wa kansa akianza matunzo, jamaa wanauliza swali moja: dawa inafanya kazi ao hapana? Kwa uvimbe ulio ndani, kama vile kwenye mapafu ao maini, macho na mikono havitoshi. Waganga wanatumia picha za skana ao IRM.

Picha ya kwanza inapigwa mbele ya kuanza dawa. Muganga anachagua uvimbe usiozidi 5, na usiozidi 2 katika kiungo kimoja. Anapima urefu wa kila mmoja, kisha anajumlisha. Kiisha majuma kadhaa picha ingine inapigwa na hesabu inafanywa tena. Kanuni hizo, zinazoitwa RECIST, zilitoka mwaka 2000 na kurekebishwa mwaka 2009.

Mfano: jumla ya kwanza ni milimetri 50. Ikishuka mpaka 35, ni kusema asilimia 30, kansa imeitikia dawa kwa sehemu. Lakini ikipanda tena mpaka 42, ugonjwa unaendelea, hata kama 42 iko chini ya 50. Sababu kupanda kunahesabiwa kutoka kipimo kidogo kuliko vyote: asilimia 20 ao zaidi, na milimetri 5 angalau. Uvimbe mpya ukitokea, vilevile ugonjwa unaendelea.

Ndiyo maana picha za zamani hazipashwe kutupwa. Mgonjwa anayehamia hospitali ingine azibebe zote pamoja na karatasi za vipimo. Bila hizo, muganga mpya hana cha kulinganisha.