Wimbi la Nyuzi 180: Linatoka Kusini au Linaelekea Kusini?

Mwongozo wa istilahi za mwelekeo wa mawimbi kwa wafanyabiashara na wasafirishaji wa baharini

Katika taarifa za hali ya bahari wanazopokea mawakala wa meli, manahodha wa majahazi na wenye shehena, mara nyingi huwamo mstari mfupi kama huu: mawimbi mita 2.5, sekunde 9, nyuzi 180. Mita ni urefu wa wimbi. Sekunde ni muda unaopita kati ya kilele kimoja na kinachofuata. Utata upo kwenye tarakimu ya mwisho. Nyuzi 180 ni kusini, lakini je, mawimbi hayo yanatoka kusini au yanaelekea kusini?

Tofauti ya majibu hayo mawili ni nusu duara nzima. Ghuba iliyokingwa upande wa kusini na kufunguka kaskazini ni maficho mazuri kwa jibu la kwanza. Kwa jibu la pili, mawimbi yanaingia moja kwa moja mlangoni na kukuta chombo kimetia nanga. Anayelipa ni mwenye sukari au saruji iliyolowa, mwenye lori linalosubiri gatini siku ya tatu, na mabaharia ambao maisha yao yamo hatarini.

Makala haya yanaeleza mkanganyiko huo ulitoka wapi, dunia imekubaliana nini, na namna ya kuandika ujumbe usiomchanganya mwenzako wa upande wa pili wa mpaka.

CHANZO CHA MKANGANYIKO

Bahari husomwa na watu wa fani mbili. Wataalamu wa hali ya hewa huutaja upepo kwa mahali unakotoka. Wakisema upepo wa nyuzi 90, wana maana ya upepo unaotoka mashariki. Wataalamu wa bahari huutaja mkondo wa maji kwa mahali unakokwenda. Wakisema mkondo wa nyuzi 90, wana maana ya maji yanayoelekea mashariki.

Wimbi limekaa katikati. Huzaliwa na upepo, lakini husafiri majini. Ndiyo maana baadhi ya mafundi walilihesabu kama upepo na wengine wakalihesabu kama mkondo. Hadi leo zipo programu za kompyuta za kukokotoa mawimbi zinazotoa namba ya mahali yanakoelekea, na nyingine zinazotoa namba ya mahali yanakotoka. Namba zote mbili ni sahihi. Kinachokosekana ni neno la kuzifafanua.

KASKAZI, KUSI NA MKONDO WA PWANI

Watu wa pwani yetu hawana shida na upepo. Kaskazi ni upepo unaotoka upande wa kaskazini, na huvuma takriban Desemba hadi Machi. Kusi hutoka upande wa kusini, na huvuma takriban kuanzia Aprili au Mei hadi Septemba au Oktoba. Majina yote mawili yanataja utokako upepo, kama wafanyavyo wataalamu wa hali ya hewa.

Lakini chini ya upepo huo upo Mkondo wa Pwani ya Afrika Mashariki, ambao katika pwani ya Tanzania huelekea kaskazini mwaka mzima. Sasa tuchukue mfano wa Januari. Taarifa inasema: upepo nyuzi 10, mkondo nyuzi 10. Anayesoma haraka atadhani vinafuatana na bahari itakuwa laini. Ukweli ni kinyume chake. Upepo unatoka kaskazini na maji yanakwenda kaskazini, kwa hiyo vinakutana uso kwa uso. Wimbi linalopanda dhidi ya mkondo hufupika na kusimama wima zaidi, na hilo ndilo linalopiga omo na kumwaga maji juu ya shehena.

Hali kama hiyo, kwa ukubwa zaidi, inajulikana sana katika pwani ya mashariki ya Afrika Kusini. Huko Mkondo wa Agulhas huelekea kusini magharibi, na mawimbi makubwa hutoka kusini magharibi. Kwa maandishi vyote viwili ni "kusini magharibi", lakini baharini vinagongana, na mawimbi ya eneo hilo yamewahi kuharibu meli kubwa. Jambo hili liliwagusa wafanyabiashara wengi zaidi tangu mwishoni mwa 2023, pale kampuni nyingi za meli zilipoikwepa Bahari ya Shamu kwa sababu ya mashambulizi na kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema.

DUNIA IMEKUBALIANA NINI

Kwa taarifa za hali ya hewa, desturi inayotawala ni moja: mwelekeo wa wimbi ni mahali linakotoka, kwa nyuzi zinazohesabiwa kuanzia kaskazini halisi kufuata mzunguko wa saa. Mashariki ni 90, kusini ni 180, magharibi ni 270, kaskazini ni 360 au 0.

Ripoti za meli zinazotumwa kwa utaratibu wa Shirika la Hali ya Hewa Duniani hufuata desturi hiyo. Katika ripoti hizo za tarakimu, mwelekeo huandikwa kwa makumi ya nyuzi. Hivyo 18 ni nyuzi 180 na 36 ni kaskazini, ilhali 00 ina maana ya shwari. Maboya ya kupimia bahari ya Marekani nayo hutoa namba ya mahali mawimbi yanakotoka. Kituo cha Ulaya cha utabiri, kinachojulikana kwa kifupi kama ECMWF, hufanya vivyo hivyo.

Kwa upande wa mafaili ya kompyuta, hatua kubwa ilikuwa orodha ya majina sanifu ya utaratibu uitwao CF, ambao toleo lake la kwanza lilitoka 2003. Orodha hiyo haikumlazimisha mtu kuacha desturi yake. Ilidai tu kwamba jina la takwimu lenyewe liseme. Takwimu ya mahali wimbi linakotoka ina neno "from" ndani ya jina lake, na ya mahali linakoelekea ina neno "to". Ukiliona neno hilo kwenye ukurasa wa Kiingereza, usilipite.

ISTILAHI ZA KUTOFAUTISHA

Hata baada ya kujua ni "kutoka", bado kuna maneno ambayo hayapaswi kuchanganywa:

1. Mawimbi ya upepo wa hapo. Haya yanasukumwa na upepo unaovuma sasa. Kwa kawaida ni mafupi, na mwelekeo wake hufuatana na upepo.

2. Mawimbi yatokayo mbali. Yalizaliwa na dhoruba ya mahali pengine na yamesafiri. Ni marefu, muda wake ni mkubwa, na yanaweza kufika siku ambayo kwenu hakuna upepo kabisa. Mwaka 1963 Walter Munk na wenzake waliyafuatilia mawimbi ya dhoruba za bahari ya kusini ya dunia, yakavuka Pasifiki hadi Alaska, safari ya zaidi ya kilomita 10,000.

3. Mwelekeo wa kilele. Huu ni mwelekeo wa kundi la mawimbi lenye nguvu kuliko yote.

4. Mwelekeo wa wastani. Huu ni mwelekeo wa mawimbi yote kwa pamoja, na ndio unaohitaji uangalifu mkubwa.

WASTANI UNAODANGANYA

Nyuzi hazijumlishwi kama shilingi. Wimbi la nyuzi 350 na wimbi la nyuzi 10 yote yanatoka kaskazini. Ukiyajumlisha na kugawa kwa mbili unapata 180, yaani kusini! Wastani sahihi ni kaskazini, na hupatikana kwa hesabu ya mishale, siyo ya kawaida.

Hata hesabu ikiwa sahihi, wastani unaweza kupotosha. Chukua mawimbi ya upepo yanayotoka nyuzi 45, na mengine ya nguvu sawa yatokayo mbali kwa nyuzi 180. Wastani wake utaangukia karibu na nyuzi 112, upande ambao hakuna wimbi linalotoka. Nahodha akielekeza omo huko, mawimbi yatampiga kwa pande zote mbili. Bahari ya namna hiyo inahitaji kutajwa kwa makundi mawili, si kwa namba moja.

TAHADHARI YA MISHALE NA DIRA

Ramani nyingi za intaneti huchora mshale unaoonyesha wimbi linakoelekea, huku namba iliyo pembeni ikionyesha linakotoka. Zote ni sawa, lakini lazima ujue ipi ni ipi. Aidha, nyuzi za utabiri huhesabiwa kutoka kaskazini halisi, wakati sindano ya dira huelekea kaskazini ya sumaku. Rekebisha tofauti ya eneo lako kabla ya kulinganisha.

NAMNA YA KUANDIKA UJUMBE

Kwa anayetuma taarifa kati ya Mombasa, Tanga, Zanzibar, Dar es Salaam, Mtwara au Moroni, utaratibu ufuatao unatosha:

- Andika neno "kutoka" kila mara kwa upepo na mawimbi, na neno "kuelekea" kila mara kwa mkondo.
- Taja namba na jina la upande kwa pamoja: "mawimbi kutoka kusini, nyuzi 180". Kimoja kikikosewa, kingine kitafichua kosa.
- Tenganisha mawimbi ya upepo na yale yatokayo mbali, kila kundi na urefu, sekunde na mwelekeo wake.
- Ukipokea namba ya "kuelekea" na unataka ya "kutoka", ongeza 180 ikiwa namba ni chini ya 180, au toa 180 ikiwa ni 180 au zaidi.
- Ukipokea namba isiyo na neno, usikisie. Rudisha swali kwa aliyeituma.

Tahadhari za mamlaka za hali ya hewa za Tanzania na Kenya hutaja urefu wa mawimbi na upepo. Kwa mfano, tahadhari za Tanzania huzungumzia upepo unaozidi kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayozidi mita 2. Tahadhari ikitolewa, ni ya kufuatwa, na kujua mwelekeo hakuibatilishi. Mwelekeo unamsaidia nahodha kuchagua maficho, kupanga upande wa kupakulia, na kujua kama wimbi litampata omo, tezi au ubavuni, ambako chombo kilichojaa huyumba vibaya zaidi.

Neno "kutoka" lina herufi sita tu. Kuliandika hakugharimu kitu, na kuliacha kunaweza kugharimu chombo.