Kutoka Ombasha hadi Msimamizi wa Doria: Maneno ya Ulinzi katika Historia ya Mohoro

Tarehe 4 Agosti 1905, Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alinyongwa Mohoro. Wakati huo Mohoro, mji ulioko kusini ya Mto Rufiji karibu na delta yake, ulikuwa makao ya utawala wa Wajerumani katika sehemu hizo. Palikuwa na boma, palikuwa na askari, na palikuwa na watu wenye vyeo waliowasimamia askari hao. Habari za Vita vya Majimaji zimekwisha kuandikwa na wataalamu wa historia, wala makala hii haina nia ya kuzirudia. Inakusudia kutazama jambo dogo lililomo ndani yake: mtu aliyesimamia askari wa boma aliitwa nani, kazi yake ilielezwa kwa maneno gani, na maneno hayo yameturithisha nini sisi ambao leo tunafasiri kanuni, tunafundisha lugha na tunaandika barua za serikali.

Swali hili si la mapambo. Askari wa doria hufanya kazi yake usiku, mbali na wakubwa wake, akiwa na silaha na mamlaka juu ya uhuru wa watu. Baina yake na mkuu wa kituo yupo mtu mmoja tu anayejua ni wapi alipo na anafanya nini. Mtu huyo ndiye tunayetaka kumpatia jina linalomstahili.

Tuanze na vyeo. Kabla ya Wajerumani, masultani wa Unguja waliweka askari katika miji ya pwani, wengi wao Wabaluchi, na mkubwa wao aliitwa jemadari. Neno hilo lilitoka katika Kiajemi, likapita Bara Hindi, likafika kwetu. Mwaka 1889 Hermann von Wissmann alipotumwa na serikali ya Ujerumani kuvunja upinzani wa watu wa pwani, aliandikisha huko Cairo mamia ya askari wa Kisudani waliokuwa wametumikia jeshi la Misri. Askari hao walikuja na vyeo vyao, na vyeo vya jeshi la Misri vilikuwa vya Kituruki. Hivyo ndivyo pwani yetu ilivyopata ombasha, shaushi, betshaushi na efendi, maneno ambayo mzee wa Rufiji wa zama zile aliyatamka bila kujua kwamba yalikwisha kusafiri kutoka Istanbul.

Neno ombasha linafaa kutazamwa kwa makini. Katika Kituruki asili yake ni "mkuu wa watu 10". Ndani ya cheo hicho imo hekima ya kazi: mtu mmoja hawezi kusimamia barabara watu wasiohesabika. Lakini lilipoingia katika Kiswahili, hesabu hiyo ilipotea. Msikilizaji wa Mohoro alisikia sauti tu, akajifunza kuiogopa. Neno efendi, kwa upande wake, halikufa. Lilikuwa cheo cha juu kabisa alichoweza kufikia Mwafrika katika jeshi la Wajerumani. Leo, katika umbo la afande, askari humwita hivyo mkubwa wake kila siku, na raia humwita hivyo askari yeyote aliyevaa sare.

Wajerumani walipoondoka, Waingereza walileta vyao. Jeshi la Polisi la Tanganyika liliundwa mwaka 1919, makao yake makuu yakiwa Lushoto, na mwaka 1930 makao hayo yakahamishiwa Dar es Salaam. Rufiji nayo ikawa inatawaliwa kutoka Utete. Ombasha akatoka, akaingia koplo. Shaushi akatoka, akaingia sajini. Koplo asili yake ni "kichwa", na sajini asili yake, katika Kilatini, ni "mtumishi". Maana hizo nazo zilibaki ng'ambo. Kwa mara nyingine tena watu walipokea jina la cheo bila kupokea maelezo ya kazi.

Mambo yalianza kubadilika baada ya Uhuru. Mwaka 1964 Elangwa Shaidi akawa Mwafrika wa kwanza kuliongoza Jeshi la Polisi. Mwaka 1967 serikali iliagiza Kiswahili kitumike katika shughuli zake, na mwaka huohuo Bunge likaunda Baraza la Kiswahili la Taifa. Katika ngazi za juu za polisi tukapata mkaguzi na mrakibu. Hapo lugha ilianza kutaja kazi badala ya cheo kitupu. Mkaguzi ni mwenye kukagua, na mtoto wa shule anaweza kuichambua maana hiyo. Mrakibu ametoka katika Kiarabu, katika mzizi wenye maana ya kuangalia kwa uangalifu. Watu wa Rufiji, ambao wengi wao ni Waislamu, hawahitaji kamusi kulielewa neno hilo, maana tangu chuoni wamesikia habari za Rakibu na Atidi, malaika wanaoandika kila neno la mwanadamu. Mrakibu basi si mtazamaji tu. Ni mtazamaji anayeandika.

Sasa tuje kwenye maneno ya kazi yenyewe. Hapa ndipo ilipo tofauti kubwa: wakati majina ya vyeo yalibadilika kila alipobadilika mtawala, majina ya kazi yalidumu. Zamu ni neno la mabaharia. Katika Bahari ya Hindi manahodha waligawa mwendo wa chombo kwa vipindi vya saa 3, na kipindi hicho kimoja kiliitwa zamu. Baharia aliyepokea zamu alipokea chombo kizima pamoja na roho zilizomo. Lindo ni la Kibantu, kutokana na kulinda. Ni mahali pa kukaa na kutazama, kama mkulima wa bondeni alindavyo mpunga wake usiliwe na ndege. Doria ni la Kiarabu, na ni ndugu wa duara na duru. Kwenda doria ni kuzunguka, na mzunguko haukamiliki mpaka mtu arudi alikoanzia.

Mfasiri asiyetenganisha maneno haya matatu ataleta madhara. Zamu ni wakati, lindo ni mahali, doria ni mwendo. Askari anaweza kuwa katika zamu bila kuwa doriani. Anaweza kuwa lindoni asiruhusiwe kutoka hata hatua moja. Amri isemayo "nendeni mkalinde", ikitolewa kwa watu wanaotakiwa kuzunguka, itawafanya wakae. Na isemayo "nendeni doria", ikitolewa kwa watu wanaotakiwa kukaa, itaacha pengo. Msako nao ni kitu kingine, kwa kuwa una mtu au kitu maalumu kinachotafutwa, na doria haina.

Kwa msingi huo tunaweza kueleza wajibu wa yule anayesimamia doria. Kabla ya zamu huwapanga askari wake katika gwaride, huwatazama mavazi na afya zao, huhesabu silaha na risasi, huwasomea habari za zamu iliyotangulia, na humwambia kila mmoja njia yake na mwenzake. Wakati wa zamu huwatembelea kwa saa wasizozitegemea, husaini vijitabu vyao, huamua mambo yaliyowashinda, na huwazuia wasitumie nguvu kupita kiasi. Mwisho wa zamu huwahesabu tena, hupokea silaha kwa idadi ileile, husikiliza taarifa zao, huziandika katika kitabu cha kituo, kisha humkabidhi anayempokea.

Katika kazi hiyo yako maneno ambayo lazima ayapime. Yeye hukagua askari, lakini askari humpekua mtu au nyumba. Kukagua ni haki ya mkubwa juu ya aliye chini yake. Kupekua kunagusa haki ya raia na kuna masharti yake katika sheria. Taarifa isemayo "tulikagua nyumba" inaficha jambo ambalo hakimu atataka kulijua. Vivyo hivyo mtu aliyekamatwa usiku ni mtuhumiwa. Akisomewa shtaka mahakamani huwa mshtakiwa. Hawi mhalifu mpaka mahakama iseme hivyo, na Katiba ya Jamhuri ya Muungano, katika Ibara ya 13, imekataza mtu kutendewa kama mwenye hatia kabla ya hatia hiyo kuthibitika. Msimamizi anayekubali neno mhalifu liandikwe katika kitabu chake amekwisha kutoa hukumu kabla ya hakimu kuamka. Neno kizuizi nalo lina hatari yake: huitwa hivyo gogo au chuma kinachozuia magari barabarani, lakini kizuizini, tangu Sheria ya Kuweka Watu Kizuizini ya mwaka 1962, ni mahali pa mtu aliyenyimwa uhuru wake. Ni bora kuandika kizuizi cha barabarani kwa ukamilifu.

Zaidi ya maneno ya sheria, lazima ajue maneno ya mahali. Katika delta ya Rufiji njia nyingi ni za maji. Kijito kinachopitisha mtumbwi maji yakijaa huwa tope yakipwa, na siku za bamvua si sawa na siku za maji mafu. Msimamizi anayepanga doria ya mikoko kwa saa ya ukutani bila kuuliza habari za maji atawakwamisha watu wake gizani. Katika mafuriko ya mwaka 2024, yaliyoikumba Mohoro pamoja na vijiji vingine vya Rufiji na Kibiti, hata njia za nchi kavu zilibadilika. Elimu hiyo haipatikani katika chuo cha polisi cha Moshi peke yake. Iko kwa wavuvi na wakata boriti, nayo hutolewa kwa anayejua kuuliza kwa adabu.

Hapa turudi mwaka 1905. Kabla ya vita kuanza, watu wa Matumbi na Rufiji walipeana habari za Ngarambe kwa minong'ono ya siri iliyoitwa njwiywila, neno la Kimatumbi. Makundi ya watu yalikuwa yakisafiri kwenda kwa Kinjikitile, na safari hizo zilionekana. Utawala uliona miguu ikitembea lakini haukuelewa maneno yaliyoitembeza. Mwishoni mwa Julai Wamatumbi waling'oa pamba ya kulazimishwa, na vita ikaanza. Boma lenye ombasha na shaushi lilikuwa na macho, masikio hayakuwamo. Wala hatusemi haya kwa kuuonea huruma utawala ule, maana ulistahili kupingwa. Tunasema kwamba ulinzi uliowekwa juu ya watu, kwa majina wasiyoyaelewa, hauambiwi kitu na watu hao.

Mfano wa pili ni wa karibu, na ni mchungu zaidi kwa kuwa waliokufa walikuwa askari wetu wenyewe. Tarehe 13 Aprili 2017, katika kijiji cha Mkengeni, Kibiti, askari polisi 8 waliuawa kwa risasi na silaha zao zikaibwa. Walikuwa wakirejea kutoka katika zamu yao kwenye kizuizi cha barabarani. Viongozi wengi wa vijiji vya sehemu hizo nao waliuawa katika kipindi hicho. Mwandishi wa makala ya lugha hana haki ya kuhukumu yaliyotokea barabarani jioni ile. Lakini anaweza kukumbusha maana ya maneno. Zamu haimaliziki mwenzako anapokuja kukupokea, na duara la doria halifungwi mpaka wote waliotoka wahesabiwe kituoni. Safari ya kurudi ni sehemu ya kazi, nayo imo mikononi mwa msimamizi kama ilivyo safari ya kwenda.

Tumwite nani basi mtu huyu? Wengine huandika mkuu wa doria, wengine kiongozi wa doria, na wengine hutaja cheo tu, kwamba "sajini atawasimamia". Maoni yetu ni kwamba cheo na kazi vitenganishwe. Cheo humfuata mtu mpaka anapostaafu. Kazi ya usiku mmoja huisha asubuhi. Anayetembea pamoja na askari na kuwatangulia aitwe kiongozi wa doria, hata akiwa konstebo mkongwe. Anayebeba dhamana ya doria kadhaa kwa zamu nzima aitwe msimamizi wa doria. Neno mkuu libaki kwa mwenye kituo.

Neno msimamizi lina sifa ambayo hatuna budi kuithamini. Jina la Kiingereza la kazi hii limejengwa juu ya maneno ya Kilatini yenye maana ya kutazama kutoka juu. Letu limetoka katika kusimama, na ile -ia iliyomo ndani yake inaonyesha kwamba mtu anasimama kwa ajili ya jambo au kwa ajili ya mwenzake. Ndivyo tumwitavyo msimamizi wa mirathi, anayewasimamia yatima, na msimamizi wa harusi. Hakuna hata mmoja wao anayetazama kutoka juu ya ghorofa. Wote wapo mahali penyewe, na wote wataulizwa.

Mwaka 2021 sheria ilirekebishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Kwa hiyo kazi ya kufasiri miongozo ya ulinzi itazidi, na maneno tuyachaguayo yatasomwa gwarideni na watu wanaokwenda gizani. Mohoro imekwisha kuyasikia majina ya jemadari, ombasha, koplo na afande. Inastahili sasa kusikia jina ambalo mvuvi wa delta na askari wa doria watalielewa kwa namna moja.