"Public school" si shule ya umma

Riwaya ya Kiingereza ikisema kwamba kijana fulani alisoma "public school", mfasiri huvutika kuandika "shule ya umma". Akifanya hivyo, mtoto wa tajiri anageuka mtoto wa mlalahoi. Nchini Uingereza jina hilo ni la shule binafsi kongwe, nyingi zikiwa za bweni, ambazo ada yake mfanyakazi wa kawaida haiwezi. Ile inayoendeshwa kwa kodi za wananchi bila ada huitwa "state school", na hiyo ndiyo shule ya umma tunayoijua sisi.

Umma uliingiaje hapo? Zamani watoto wa makabaila walifundishwa nyumbani na mwalimu wa kuajiriwa, na shule nyingi zilipokea watoto wa mji wao au wa dhehebu lao tu. Shule iliyompokea mtoto kutoka popote, mradi alipiwe, ilihesabiwa kuwa ya watu wote. Shule ya Eton, kwa mfano, ilianzishwa na Mfalme Henry VI mwaka 1440 ili kusomesha bure wavulana maskini 70. Wenye kulipa wakaja kuwazidi kwa mbali. Sheria ya mwaka 1868 ilipozitaja kwa jina hilo shule saba, zikiwemo Eton, Harrow na Winchester, jina likakita mizizi. Huko Uskochi, lakini, jina hilohilo limetumika kwa shule za serikali, hivyo mfasiri atazame kwanza kisa kinatokea wapi.

"Shule binafsi" si kosa, ila inapunguza maana: kila "public school" ya Uingereza ni shule binafsi, lakini si kila shule binafsi ina hadhi hiyo. Katika habari, "shule binafsi ya kifahari" inatosha. Katika mazungumzo ya wahusika, "shule za wakubwa" inabeba hata ile kejeli ambayo Mwingereza wa kawaida huitia anapolitamka. Kipimo ni kujua nani analipa na nani anaingia, na kipimo hicho kinafaa kwa istilahi nyingine pia.

"Sixth form" humnasa zaidi Mtanzania, kwa sababu anaona kidato cha sita mbele yake. Kwetu hicho ni mwaka mmoja. Kwa Waingereza ni miaka miwili, kuanzia umri wa miaka 16 hadi 18, ambayo leo madarasa yake huitwa Mwaka wa 12 na wa 13. Mwanafunzi wake basi yuko kidato cha tano au cha sita. Na kijana wa miaka 17 akisema yuko "college", asipelekwe chuo kikuu. Aghalabu yuko masomo hayohayo, au anajifunza ufundi.

Tukija kwenye makazi, "council house" ni nyumba ya halmashauri. Halmashauri zilianza kuzijenga kwa wingi baada ya sheria ya mwaka 1919, zikawapangisha hasa wafanyakazi. Tusiandike "nyumba ya serikali", maana msomaji wetu ataona makazi ya ofisa. Tena sheria ya mwaka 1980, wakati wa Waziri Mkuu Margaret Thatcher, iliwapa wapangaji haki ya kuzinunua kwa punguzo. Ndiyo maana mhusika anaweza kuwa na hati ya nyumba mkononi, na majirani bado wakaiita ya halmashauri.

Nyumba za "terraced" ni safu iliyoungana ukuta kwa ukuta; "semi-detached" ni nyumba pacha, mbili zenye ukuta mmoja kati yake; "detached" husimama peke yake. Kwa kawaida bei hupanda kwa mpangilio huo, lakini mtaa unaweza kuupindua. Safu iliyojengwa kwa ajili ya wachimba makaa wa Wales na safu ya Kensington, London, zina jina moja, ilhali ya pili ni ya mamilionea. Mfasiri akiandika "nyumba za safu", aongeze neno la kuonyesha ni safu ipi.