Kariakoo: Jina la Wasio na Majina



Mwezi huu wa Novemba Mama Kanisa anatualika kuwaombea marehemu wote. Wengi wenu mmekwisha kuleta bahasha za nia za Misa zenye majina ya wazazi, ya babu na bibi, na ya ndugu waliotutangulia. Juma hili tunaomba ruhusa yenu tuwakumbuke marehemu ambao bahasha yao hailetwi na mtu, ijapokuwa twawataja kila siku tupandapo daladala: Kariakoo.

Neno hili si la Kizaramo wala si la Kiarabu. Ni Kiingereza kilichopita katika vinywa vya wazee wetu. Carrier Corps lilikuwa jina la kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Waingereza walipouteka mji wa Dar es Salaam mwezi Septemba 1916, walikuta eneo ambalo Wajerumani walikuwa wamelitenga kwa makazi ya Waafrika, pamoja na jengo la soko. Hapo wakaweka kambi ya wapagazi wao. Vita ilipokwisha kambi iliondoka, jina likabaki. Nairobi nako wanalo eneo lenye jina hilohilo, Kariokor, kwa sababu hiyohiyo.

Pengine mtauliza: kwa nini jeshi lenye mizinga na magari lihitaji vichwa na mabega ya watu? Jibu ni mdudu mdogo aitwaye mbung'o. Farasi, punda na nyumbu wa mizigo walioletwa vitani walikufa maelfu kwa maelfu kwa ugonjwa wa nagana. Magari yalizama katika matope ya masika. Basi, mahali alipoanguka mnyama akawekwa mtu. Waingereza peke yao walitumia wapagazi wapatao milioni moja, kutoka nchi yetu na nchi za jirani, wengi wao wakichukuliwa kwa nguvu. Kila mmoja alitwishwa kilo 25 hivi, akatembea siku baada ya siku kwa chakula haba. Kwa hesabu za serikali yenyewe walikufa zaidi ya 90,000, na walio wengi hawakuuawa na risasi, bali na kuhara, malaria, homa ya mapafu na njaa. Wajerumani nao waliwakamata wanavijiji wawabebee mizigo, na kwa hao hesabu ni ndogo zaidi. Mishahara ya wengi waliokufa haikuwafikia ndugu zao, kwa kuwa hakuna aliyejua ndugu hao ni akina nani.

Mwaka 1927 serikali ya Waingereza ilisimamisha ile Sanamu ya Askari tuionayo katikati ya mji. Maandishi yake yanawasifu wapagazi kuwa walikuwa miguu na mikono ya jeshi, kisha yanaahidi kwamba anayeipigania nchi yake, hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake. Lakini tazameni vizuri, wapendwa. Aliyesimama juu ni askari mwenye bunduki. Mpagazi hayupo, na jina lake halimo.

Hata hivyo, watu wa Kariakoo hawakukubali kubaki mizigo ya wengine. Miongoni mwa waliounda Chama cha Waafrika mwaka 1929 alikuwamo mzee Kleist Sykes, ambaye vitani alikuwa askari upande wa Wajerumani. Mwanawe, Abdulwahid, alikuwa msimamizi wa soko la Kariakoo. Tarehe 7 Julai 1954, katika mtaa ambao leo huitwa Lumumba, TANU ilizaliwa, na uongozi wake akapewa Mtumishi wa Mungu Julius Nyerere, wakati huo mwalimu katika shule ya Mtakatifu Fransisko, Pugu. Waislamu wa mji huu walimpokea Mkatoliki yule majumbani mwao wala hawakumwuliza dini yake. Deni hilo tusilisahau.

Lakini mitaa hiyohiyo ilikuwa na hofu yake. Zama za ukoloni watu walisimuliana habari za mumiani, yaani wawindaji wa damu ya binadamu, wanaoikinga na kuifanya dawa. Walioshukiwa walikuwa mara wazima moto, mara polisi, mara wazungu wa hospitali. Hatusemi kwamba mumiani walikuwako. Twasema tu kwamba watu ambao baba zao walichukuliwa na serikali wasirudi, hawakukosa sababu ya kuamini kuwa wenye nguvu hunywa damu. Hadithi ile ilikuwa uongo uliobeba maumivu ya kweli. Hata hivyo, uongo hauachi kuua. Mwaka 1959, huko Buguruni, uvumi wa mumiani ulizua ghasia, na umati ukamwua askari polisi, Mwafrika mwenzao. Wale walioogopa kunywewa damu wakaimwaga wao wenyewe.

Je, mambo hayo yamepita? Siku hizi hatupigi kelele ya mumiani. Twapiga kelele ya "Mwizi!", na magazeti yanatuita "wananchi wenye hasira kali". Hapa hatuna budi kukiri kosa letu wenyewe. Miaka kadhaa iliyopita, tukipita katika mtaa mmoja wa Kariakoo mchana, tulisikia kelele hiyo. Kijana msukuma mkokoteni alikuwa chini, watu wamemzunguka, mawe yamekwisha kuokotwa. Sisi tulikuwa tumevaa kola ya upadre, na huenda wangetusikiliza. Tuliongeza mwendo. Baadaye tulisikia kwamba mama mmoja, muuza ndizi, alijitupa juu ya kijana yule akilitaja jina lake: "Namjua huyu! Ndiye anayenibebea mizigo yangu!" Hakuuliza kwanza kama ameiba au hakuiba. Umati uliposikia jina ulisita, na kijana akapona. Jina hilo sisi hatulijui hata leo. Twajua tu kwamba katika ule mfano wa Msamaria Mwema, nafasi ya kuhani aliyepita kando tuliijaza vema.

Wazee wa pwani husimulia habari za punda wa dobi. Sungura alimshawishi punda aende kwa simba. Simba akamrukia, punda akaponea chupuchupu. Sungura akamshawishi tena, naye akarudi, akaliwa. Simba alipoutafuta moyo na masikio asivione, maana sungura alikwisha kuvila, akajibiwa kwamba punda yule hakuwa navyo. Angekuwa navyo, asingerudi mara ya pili. Taifa linalosahau ni punda wa dobi. Lilikwisha kuona nini hutokea binadamu anapofanywa mnyama wa mizigo, kisha mnyama wa kuwindwa, nalo hurudi palepale.

Injili yatuonyesha njia nyingine. Nayo inaye mtu aliyekamatwa njiani akashurutishwa kubeba mzigo wa mwingine. Marko angeweza kuandika tu "mpita njia mmoja", akaendelea. Badala yake anaandika kwamba aliitwa Simoni, Mkirene, baba yao Aleksanda na Rufo (Mk 15:21). Dola ya Roma ilihitaji mabega yake tu. Kanisa lilitunza jina lake, na ya wanawe.

Tarehe 25 Novemba 1918, huko Abercorn, ambako leo ni Mbala nchini Zambia, jeshi la Wajerumani liliweka silaha chini na vita ikaisha katika nchi zetu. Tarehe hiyo mwaka huu tutaadhimisha Misa kwa ajili ya wapagazi wote. Ikiwa katika ukoo wenu mwasikia kwamba babu fulani "alikwenda vitani asirudi", ulizeni jina lake kwa wazee wangali hai, mlilete. Hata likiwa moja tu, tutalisoma altareni. Nanyi mwendao Kariakoo Jumamosi hii, kabla ya kumtwisha kijana gunia lenu, mwulizeni jina. Huenda siku moja jina hilo likawa ndilo litakalomwokoa.

Raha ya milele uwape, ee Bwana. Tafakari njema.