Mwili wa Mwanamke na Amri ya Urembo: Kutoka Rungwa hadi Mloganzila

Upasuaji wa urembo nchini Tanzania hujadiliwa kana kwamba ulizuka pamoja na simu za mkononi. Historia inaonesha vinginevyo. Katika Mkoa wa Singida, ambao Rungwa iko upande wake wa kusini-magharibi, kuubadili mwili kwa ajili ya uzuri kulitangulia hospitali. Miongoni mwa Wadatoga, wafugaji wa mkoa huo na wa Manyara, wanawake walichanjwa nakshi za duara kuzunguka macho. Chale hizo ziliuma na hazikufutika. Hata hivyo hazikuhesabiwa kuwa kujikana, kwani zilimtambulisha mwenye nazo kuwa mtu wa kwao.

Shutuma ya kujikana ililetwa na siasa. Oktoba 1968, Umoja wa Vijana wa TANU ulipitisha azimio la kupiga marufuku sketi fupi, mawigi, suruali za kubana na dawa za kuchubua ngozi, kuanzia tarehe 1 Januari 1969. Kampeni hiyo iliitwa Operesheni Vijana. Jijini Dar es Salaam, hususan Kariakoo, makundi ya vijana wa kiume yaliwavamia wanawake na kuwachania nguo. Barua zilizochapishwa magazetini zilihoji kwa nini suti, vazi la kigeni vilevile, haikuguswa. Swali hilo lilikuwa zito zaidi ya lilivyochukuliwa, maana katika miaka hiyohiyo serikali ilikuwa ikiwashurutisha Wamasai waache lubega na ngeu, wavae suruali. Kwa Mmasai, asili ilikuwa aibu. Kwa mwanamke wa mjini, ilikuwa wajibu.

Udhaifu mkubwa wa azimio lile ulikuwa kuweka katika kapu moja sketi isiyomdhuru mtu na krimu inayodhuru. Zebaki na haidrokwinoni huharibu ngozi, na zebaki hudhuru figo pia. Hilo ni suala la afya, si la utamaduni. Ilichukua miongo kadhaa kabla ya mambo hayo mawili kutenganishwa waziwazi, pale Sheria ya Chakula, Dawa na Vipodozi ya mwaka 2003 ilipovipa vipodozi usimamizi wa kitaalamu. Mkorogo, hata hivyo, uliendelea kuuzwa.

Mwaka 2023, Hospitali ya Taifa Muhimbili, tawi la Mloganzila, ilianza kutoa upasuaji rekebishi wa maumbile, ukiwamo wa matiti na makalio. Dola ambayo chama chake kiliwahi kuharamisha wigi sasa ilikuwa ikitoa kisu, tena kwa malipo. Waliolaani huduma hiyo walirudia, pengine bila kujua, lugha ya mwaka 1968: kwamba mwanamke anayejibadili anaisaliti asili yake. Wachache walimuuliza yeye mwenyewe anataka nini na anaelewa nini kuhusu hatari zake.

Kutoka Rungwa hadi Mloganzila ni mamia ya kilomita, sehemu yake barabara ya vumbi kuelekea Itigi. Mkorogo hauhitaji safari hiyo, wala daktari wa kumweleza mnunuzi kilichomo ndani ya kopo.